Chakula cha Mkono wa Bibi Rispah

S.L.P. 41,
Msambweni,
Kwale.

8 Februari 2026

Shangazi yangu Mpendwa Mapenzi,

Shikamoo. Pokea salamu zangu za heshima kutoka huku pwani, na ujue kwamba kabla sijaandika neno jingine lolote nimekuombea afya. Magoti yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema daktari wa huko Tabora amekukataza kuchuchumaa, nikacheka peke yangu, maana sijapata kukuona ukikatazwa jambo ukalikubali. Mzee Chome naye, kifua chake kimetulia? Na mizinga yake bado inampa asali? Mwambie ule mtungi aliotuletea wakati wa msiba tuliula taratibu mpaka tukaufuta kwa kidole.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama ni mzima, ila presha humpanda akila chumvi, naye chumvi haiachi. Joto la mwaka huu limetuelemea. Cherehani nimeitoa nje, naiweka barazani mahali upepo unapopita. Kazi ipo tele, maana shule zimefunguliwa na kila mzazi amekumbuka sare siku moja.

Shangazi, najua umenikasirikia. Uliponipigia ukasema, "Wasia wa marehemu hauvunjwi, Zulekha, na baba yako hakuwa mtu wa kuvunjiwa neno," simu ikakatika. Sikujua kama ni mtandao au ni wewe uliyeikata. Nikakupigia tena, hukupokea. Sikulaumu. Uliyoyasikia uliyasikia kwa ndugu yako, baba mdogo Sanga, naye alikueleza aliyoyaona kwa macho yake. Lakini yapo ambayo hakuyaona. Ndiyo sababu nimekaa kukuandikia. Barua haikatiki katikati, wala mama hawezi kunipokonya kabla sijamaliza.

Wasia wenyewe unaujua, ila hukuwapo ulipotolewa, kwa hiyo niruhusu nianzie hapo.

Baba alikuwa amelala barazani kwenye kitanda cha kamba, maana chumbani alisema hapati hewa. Unakumbuka alivyokuwa, shangazi. Mtu aliyechimba visima nusu ya vijiji vya huku, akateremka ardhini mpaka sauti yake ikawa haisikiki, na mwishowe chumba chenye dirisha kikawa kinamsonga. Mama alikuwa jikoni akimkorogea uji. Baba akamwashiria baba mdogo Sanga asogee, mimi akanishika mkono.

Akasema, "Zulekha akiposwa, huyo mposaji aende kwanza Taru kwa mama yangu. Ale chakula cha mkono wake. Asiambiwe anapelekwa kwa nini. Akila, muozesheni. Asipokula, arudishwe, awe mtoto wa nani."

Kisha akanigeukia. "Utalishika neno langu?"

"Nitalishika, baba."

"Hata likikuuma?"

"Hata likiniuma."

Wakati ule sikuwa na mposaji wala dalili yake, na ahadi ya jambo lililo mbali ni nyepesi mkononi. Mama alipotoka na uji, baba alinyamaza. Hakutaka asikie, na sababu yake naijua kwa baba mdogo Sanga, kama unavyoijua wewe. Siku ya arusi yake, watu wa mama walipokwenda Taru kumpeleka bibi arusi, walikwenda na vyungu vyao vilivyopikwa, na madebe ya maji yao ya kunywa. Walimkuta Bibi Rispah ameamka alfajiri kupika, nao wakala vya kwao wakanywa vya kwao, ati tumbo la mtu wa pwani halizoei vya nyika. Wengine walinong'ona kwamba bibi si Mwislamu, wasije wakala wasichokijua. Ilikuwa sima na kunde. Baba alikaa na sinia la mama yake peke yake mbele ya wageni wote, akala. Hakulisema jambo hilo maisha yake yote ila siku hiyo ya wasia, nalo hakulisema kwa jina.

Basi, baba akafa, nasi tukamzika, Mungu amrehemu.

Ishak nilimfahamu mwaka mmoja baadaye. Kwao ni Ukunda, na kazi yake ni fundi wa majokofu katika mahoteli ya Diani. Alikuja kunishonesha mfuko wa suruali ya kazi. Nikaushona. Baada ya siku chache akarudi na mfuko ule ule. Aliporudi nao tena nikauangalia vizuri, nikamwambia, "Huu haukuchanika, huu umechanwa." Hakukana. Alisema tu kwamba hakujua njia nyingine ya kuwa na sababu. Shangazi, nilishona mfuko ule nikiwa nimeinamisha uso ili asione ninavyocheka.

Ni mtu mpole, husikiliza kabla ya kujibu, na swala haimpiti. Nilimpenda. Naliandika hili waziwazi kwa kuwa wewe ni shangazi yangu, na mambo haya nisipokuambia wewe nitamwambia nani.

Wazee wake walipotuma posa, baba mdogo Sanga akasema kijana aende kwanza Taru kumwamkia bibi. Wao wakaona ni adabu njema, wakakubali. Kesho yake ndiyo ilikuwa safari. Jioni ile Ishak akapita dukani kwangu.

"Nambie," akasema, "bibi yako anapenda nini? Nisije nikaenda nikakosea kitu mbele ya mtu mzima."

Jibu lilikuwa mdomoni, shangazi. Maneno matatu tu. Kula, chochote atakachokupa. Hakuna ambaye angejua. Baba yuko kaburini, Sanga yuko Taru, na mtu mwenyewe amesimama mbele yangu ananiuliza kwa nia safi. Nilikuwa na uzi mkononi, nikautia mdomoni kuukata, nikakaa nao hivyo mpaka nikawa na uhakika kwamba sitasema.

"Nenda tu," nikamwambia. "Msalimie."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Kesho yake saa za alasiri baba mdogo akapiga simu. Sauti yake ilikuwa nzito. "Hakula," akasema.

"Hata tonge?"

"Nilikuwa nimekwenda zizini kuangalia mbuzi. Niliporudi sinia limefunikwa vile vile. Kijana anasema ameshiba. Ameshiba nini, na ametoka kwao asubuhi? Zulekha, ni wale wale."

Nililia siku hiyo, sitakuficha. Lakini sikutafuta njia ya kukwepa. Nilimngoja Ishak mpaka alipokuja, nikamwambia kwamba posa yake tunairudisha.

"Nimekosa nini?" akauliza.

"Siwezi kukuambia."

"Nimemkosea bibi?"

"Ishak, siwezi kukuambia."

Akauokota mfuko wake wa zana, akaondoka bila kunilaumu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko lawama. Mama naye akanijia juu. Yeye hakujua habari ya wasia, akaona binti yake kapata wazimu, anamfukuza kijana wa watu bila sababu. Alinisemesha mpaka sauti ikamkauka, nami nikazidi kuinama kwenye cherehani. Kwa hiyo ukiniambia nimeuvunja wasia, nataka ujue kwamba niliushika kwanza. Niliushika mikono ikaniwasha.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo baba mdogo hakuyaona.

Juma lililofuata nilikwenda Taru. Nilitaka kumpoza bibi, maana niliona ametukanwa mara ya pili uzeeni, na safari hii kwa ajili yangu. Nilimkuta kivulini upande wa nyuma wa nyumba, akipeta kunde. Shangazi, Taru imekauka. Vuli haikunyesha kabisa. Bibi amekonda, ila macho ni yale yale, nawe unayajua yakikutazama. Nilimwamkia, akaniita mke mwenzangu kama kawaida yake, akanisogezea kigoda.

Kabla sijasema lolote akaniuliza, "Yule kijana wako mbona hajarudi? Aliniahidi atarudi kula."

Nikashangaa. "Bibi, si alikataa chakula chako?"

"Alikataa, ndiyo. Nikamgombeza."

Akanieleza. Siku ile alikuwa amepika sima na majani makavu ya kunde. Ishak alikwenda nyuma ya nyumba kunawa mikono, na huko ndiko lilikokuwa debe la unga, limefunuliwa, limesuguliwa mpaka chini. Aliporudi akakaa mbele ya sinia, akasema ameshiba, njiani alikula. Bibi akajua papo hapo kwamba ameliona debe.

"Nilimwambia, kijana, mgeni hapimi unga wa mwenyeji. Ukiniachia chakula changu kwa huruma umenivua nguo. Akainamisha kichwa. Akasema, nisamehe bibi, nilifikiri utalala njaa. Nikamwambia kulala njaa nimekuzoea, kurudishiwa sinia sijakuzoea. Akataka kula sasa, mkono umeshafika kwenye kifuniko cha sinia, Sanga akamwita kwa sauti kwamba gari limepatikana barabarani, na likipita hakuna jingine. Akaondoka akisema, nitarudi bibi, nitakula."

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia baba mdogo. Akasema Sanga hakuuliza. Alilitazama sinia akakunja uso, akaenda zake.

Hapo ndipo nikamweleza wasia. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote. Bibi akaacha kupeta. Ungo ukakaa mapajani, hata nikaogopa kwamba nimemtonesha.

"Tsuma alisema hivyo?" Yeye hakuwahi kumwita baba Abdurahman, jina alilosilimu nalo, kwake alikuwa Tsuma mpaka mwisho.

"Alisema hivyo, bibi."

"Kwa ajili ya yale maji ya madebe."

"Nafikiri hivyo."

Akatikisa kichwa pole pole. "Tusi lile lilikuwa langu mimi. Mimi nililisamehe zamani, hata sikumbuki siku. Kumbe yeye alilichukua akalibeba. Mtoto mjinga. Mtoto wangu mzuri, mjinga." Akajifuta macho kwa ncha ya leso.

Kisha akanisimulia jambo ambalo nawe umo ndani yake. Alisema siku baba alipomleta mama kwa mara ya kwanza baada ya arusi, wakiwa peke yao, bibi alimpa mama maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Mama hakuwa amewahi kuyanywa. Alionja, yakamkwama, akatoka nje kama anayekwenda kujisaidia, akakuta kitoto cha kike nyuma ya nyumba, akakipa kibuyu chote akakiomba kinyamaze. Bibi anasema kitoto hicho kilikuwa wewe, na kilirudi ndani na sharubu nyeupe mpaka masikioni, kikiapa kwamba hakijui kitu. Je, unakumbuka, shangazi? Bibi alicheka akisimulia mpaka akakohoa.

"Mama yako hakukila chakula changu hiyo siku," akasema, "wala safari iliyofuata. Alikuja kukila taratibu, kama mtoto anayeachishwa ziwa. Sasa nambie, mke mwenzangu. Ningemrudisha, wewe ungetoka wapi?"

Nikasema nililokuwa nalo. "Nilimwahidi, bibi. Alinishika mkono."

"Na umeitimiza. Alisema asipokula arudishwe. Hakurudishwa?"

"Amerudishwa."

"Je, alisema asije tena?"

Nikafikiri. Nikayapitia maneno ya baba moja moja kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. "Hakusema."

"Basi. Wasia wa mwanangu umekwisha, Mungu amlaze pema. Sasa namtaka kijana aje ale, kwa sababu aliniahidi mimi, na mimi sijafa."

Nikadhani atasema nimlete Taru. Lakini aliutazama mlango wa nyumba yake, halafu akasema, "Nipeleke kwa mama yako. Tangu Tsuma aoe sijawahi kupika jikoni mwake. Kila nikialikwa nilisema mguu unauma. Mguu haukuwa unauma."

Shangazi, tuliondoka naye siku ya pili. Baba mdogo Sanga hakuridhika hata kidogo. Alisema tunamchezea marehemu kwa maneno, kama mawakili. Ndipo alipokupigia wewe. Simchukii kwa hilo. Alisimama upande wa ndugu yake, na mtu aliyekufa anahitaji mtu wa kusimama upande wake.

Mama alipomwona bibi anashuka kwenye tuk-tuk na kifurushi cha kunde kavu kwapani, alisahau hata kuvaa viatu. Alimpokea, akamwekea mkeka, akamtilia maji ya kuoga. Bibi alipokwisha kupumzika, akamkalisha mama karibu yake akamweleza kila kitu, wasia na sababu yake, nami nikiwapo. Nilitamani ardhi ipasuke, maana nilijua mama atauliza kwa nini mume wake alimficha jambo kama lile mpaka kufa.

Lakini hakuuliza hivyo. Alilaza mikono kwenye mapaja, kisha akasema, "Miaka yote ile, mama, alikuwa akikaa na ndugu zangu kwenye sinia moja, akicheka nao."

"Ndivyo alivyokuwa," bibi akasema.

"Angeniambia."

"Ungefanya nini?"

Mama akasimama. Akajifunga buibui, akatoka. Alirudi pamoja na dada yake, mama mkubwa Mwanapili. Wewe unamkumbuka, yule mrefu mwenye sauti. Siku hizi hasikii vizuri, na hutembea kwa kushika kuta. Yeye ndiye aliyesimamia yale madebe ya maji siku ya arusi. Mama alikuwa ameshamwambia njiani. Mama mkubwa alisimama mlangoni, akamtazama bibi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alizungumza kwa sauti ndogo.

"Mama," akasema, "yale maji ni mimi niliyeyachota. Nilikuwa kijana na kiburi kingi. Nipe chakula."

Bibi akamwambia, "Kaa basi. Hakijaiva."

Nikuambie kidogo upishi ulivyokuwa, maana nafikiri utapenda. Mama alikuwa amekwisha kukuna nazi, akataka kutia tui kwenye kunde. Bibi akakizuia chungu kwa mwiko. Akasema kunde za Taru haziendi arusini zikiwa zimevaa nguo za kuazima. Mama akasema bila tui hazishuki. Walibishana pale penye mafiga, wakasukumana viwiko kama wasichana, na mimi nikijifanya nafagia. Mwishowe tui likabaki kwenye bakuli, na kila mtu akaambiwa anayetaka ajitilie mwenyewe. Hakuna aliyethubutu kujitilia.

Ishak nilimpigia simu mimi, kwa amri ya bibi. Nilimwambia maneno aliyoniagiza: bibi yupo Msambweni na hataki kula peke yake. Nilifikiri atakataa, naye alikuwa na haki ya kukataa. Akaja akiwa na nguo zake za kazi. Mlangoni akaniuliza, "Nimeitiwa nini?"

"Kula," nikamwambia.

Akanawa mikono. Wakakaa, bibi na mama na mama mkubwa Mwanapili na Ishak na mimi, sinia moja. Bibi akamkatia Ishak kipande kikubwa cha sima akamwekea upande wake, naye akala. Hakula kama mtu anayefanya mtihani. Alikula kama mtu aliyetoka kazini. Mama mkubwa alikula huku akitokwa na machozi, akasingizia pilipili, na pilipili haikuwapo.

Baadaye Ishak aliniita pembeni. Bibi alikuwa amemweleza.

"Siku ile nilipokuuliza dukani," akasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Neno moja tu lingetosha."

"Lingetosha. Nilimwahidi baba."

Akaondoka, na siku zilizofuata hakuja wala hakupiga simu. Sikumfuata. Niliona kwamba nimemshikia baba haki yake, na Ishak naye ana haki ya kukasirika. Nilikwenda kaburini, nikamsomea baba Fatiha, nikakaa. Nilitaka kumwambia kwamba mama yake amepika jikoni kwetu, na kwamba mama mkubwa ameomba chakula kwa mdomo wake. Sijui kama angefurahi, shangazi. Wakati mwingine nafikiri hilo ndilo alilokuwa analitaka miaka yote, ila hakujua aliombe kwa nani. Wakati mwingine nafikiri Sanga ana haki, na sisi tulimshinda marehemu kwa sababu hawezi kujibu. Nimekubali kuishi na mawazo yote mawili.

Ishak alirudi siku ya Ijumaa, baada ya swala, akiwa na kanzu. Alimwamkia bibi kwanza, kisha mama, kisha akaja barazani nilipokuwa nashona.

"Nimelifikiria jambo lako," akasema. "Nilikasirika. Halafu nikaona, mtu anayelishika neno la aliyekufa, wakati hakuna wa kumuuliza, langu nikiwa hai atalifanyaje? Nimewaambia wazee warudi."

Nilimwambia warudi baada ya Isha, mama atakuwepo. Hayo ndiyo niliyoweza kusema, na kitambaa nilichokuwa nikikishona siku ile ilinibidi nikifumue chote.

Wazee wamekuja, posa imepokewa. Kwa kuwa baba mdogo Sanga si Mwislamu, sheikh ametuelekeza kwa kadhi, naye ndiye atakayekuwa walii wangu wa kuniozesha. Akidi ya ndoa itakuwa baada ya Idi, Mungu akijaalia. Baba mdogo tulimwendea, mimi na mama, tukamwomba radhi kwa maneno yaliyopita. Alitusikiliza akiwa amesimama kati ya mbuzi wake. Alisema yeye aliripoti alichokiona. Mama akamwambia ndivyo, na hakuna aliyemtia makosani. Bado amenuna kidogo, lakini ameuliza ni mbuzi wangapi watahitajika, nami nimelichukua swali hilo kuwa jibu.

Shangazi, kadhi atanioza na mama ameridhia, lakini mimi sitatoka nyumbani kwetu kwa moyo mweupe nikijua umenikatia simu. Wewe na Sanga ndio mliobaki wa tumbo moja na baba. Nimekueleza yote, mazuri yangu na yasiyo mazuri. Ukiona bado nimemkosea baba, niandikie uniambie, nitakusikiliza kama ningemsikiliza yeye. Ukiona sikumkosea, basi njoo unifunge leso siku hiyo, maana hakuna mkono mwingine ninaoutaka.

Mpe salamu nyingi Mzee Chome, na watoto wote hapo nyumbani, na yule jirani yako anayekusomea barua miwani inapopotea. Huku wanakusalimu mama, mama mkubwa Mwanapili, na Ishak, ambaye anakuamkia ingawa hamjaonana. Hata baba mdogo, nilipomwambia nakuandikia, alisema, "Mwambie simu yangu iko wazi."

Bibi Rispah bado yuko hapa kwetu. Anasema atarudi Taru mvua za masika zikianza. Barua hii nimemsomea yote kabla ya kuifunga. Alisikiliza macho yamefumbwa, nikadhani amelala. Nilipofika mwisho akaniambia niongeze neno lake, nami naliandika kama alivyolitamka:

"Mwambie Mapenzi, mimi nami nina wasia, ila nautoa ningali hai, ili asichokielewa aje aniulize. Namtaka nyumbani."

Mwenyezi Mungu akulinde njiani ukija, na akulinde hapo ulipo mpaka uje.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Zulekha Abdurahman Tsuma